Mahindi ya Arobaini

Tarehe 18 Agosti 2004, Jumatano, nilimpoteza mume wangu. Wiki hiyohiyo nikaanza kuyapoteza mahindi yake ya mwisho, kama magunia kumi na moja ukiyapukuchua, juu ya dari la jiko langu, mimi nikiwa nimekaa chini yake naisikia harufu. Kuna ndugu walioniambia si adabu kumtaja marehemu pamoja na mahindi. Navitaja pamoja kwa sababu nilivipoteza pamoja, na kwa sababu mahindi hayo ndiyo yaliyonigombanisha na ukoo mzima.

Nimesoma hadi darasa la saba, hapahapa Mazingara, wilayani Handeni. Mambo ya kitaalamu yaliyomo humu nayasema kama nilivyoelezwa na mtu aliyeyasomea. Nisichokijua nitasema sikijui, na kipo kimoja kikubwa ambacho sikijui mpaka leo: kilichomuua mume wangu.

Aliugua mwaka mzima na miezi juu. Kwanza alichoka, kisha macho yakawa ya manjano, kisha tumbo likajaa maji na miguu ikavimba. Hospitalini Korogwe walisema ni ini. Nikamuuliza daktari ini limeharibiwa na nini, akasema sababu ni nyingi, homa ya ini, pombe, hata chakula, hawezi kuchagua moja. Mume wangu hakuwahi kuonja pombe. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema pana mkono wa mtu. Mama mkwe akasema ni kazi ya Mungu. Sikubishana na yeyote, kwa kuwa sikuwa na jibu langu la kuweka mahali pa majibu yao.

Mwezi wa sita, akiwa bado anaweza kukaa mwenyewe, alikuja mtafiti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mshambaa wa Bungu, aliyefanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Korogwe. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiomba mahindi yaliyoota kuvu. Mazuri hakuyataka, alitaka mabovu. Watu walimcheka sana. Tangu ushirika ufe na biashara iachiwe huru, kila aliyefika kwetu na gari alikuwa na kitu cha kutuuzia: mbegu za pakiti, mbolea, dawa za kupulizia. Huyu alikuja kuomba uchafu.

Mume wangu akamkaribisha kwenye mkeka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa kwanza kuja na gari kutaka tunachotupa. Sasa hayo mabovu unakwenda kumpikia nani? Isije ikawa mkweo."

"Mkwe wangu nampenda, mzee. Nakwenda kuyaangalia tu."

Akatueleza. Kuvu ile ya kijani inayokaa kwenye hindi inatengeneza sumu, na sumu hiyo haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Siku hizi wanaiita sumukuvu; yeye wakati ule alisema tu sumu ya ukungu. Kisha akaeleza wanachokitafuta. Kila kilicho hai, alisema, hata kuvu, kina maelekezo ndani yake, namna ya kutengeneza hiki na kile. Elekezo moja ndilo jeni moja. Kuvu ikitaka kutengeneza sumu, inanakili elekezo lile na kulipeleka kama barua kwa wafanyakazi wake. Sasa wataalamu wameona kwamba ikiingia barua bandia inayofanana na ile, lakini imekunjwa maradufu kwa namna isiyo ya kawaida, kuvu inashtuka. Inaichana. Na ikishaanza kuchana, inachana hata zile barua zake za kweli zinazofanana nayo. Sumu haitengenezwi tena. Kuvu inabaki hai, ila jeni ile imenyamazishwa. Wanachotamani ni muhindi, yaani mmea wa mahindi, unaotengeneza barua hizo bandia wenyewe, ndani ya punje zake, ili kuvu ikija kula izile pamoja na unga.

"Ni kama mtendaji wetu wa kijiji," mume wangu akasema.

"Vipi mzee?"

"Mwaka juzi kuna mtu alighushi barua ya kuitisha mkutano. Mhuri kaugonga mara mbili. Mtendaji alipoiona akapanda hasira, akachana kila barua ya mkutano iliyokuwa ubaoni, na ile yake mwenyewe humohumo. Tulikaa miezi bila mkutano."

Mtafiti akashika kichwa kwa kicheko. "Mzee, naomba mfano huo niwe nautumia."

"Utumie. Mtendaji usimtaje."

"Na huo muhindi upo?" mimi nikauliza.

"Haupo, mama. Ni jambo jipya sana, hata huko nchi za nje ndiyo kwanza wanajaribu. Sisi kazi yetu sasa ni kujua kuvu za huku zimeandikwa vipi, maana za Handeni huenda hazifanani na za kwingine. Labda muhindi huo utakuwepo baada ya miaka mingi. Labda usiwepo kabisa."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Hakuna muuza mbegu aliyewahi kuniambia labda.

"Huyu mke wangu," mume wangu akasema, "nina miaka ishirini na mbili naye sijaweza kumnyamazisha. Nyie mtaiweza kuvu?"

"Ulishajaribu lini?" nikamuuliza.

"Nilijaribu mara moja. Nililala njaa."

Kabla hajaondoka mtafiti aliniuliza huwa tunafanyaje na mahindi yenye ukungu. Nikamwambia ukweli. Tunachambua. Yaliyooza kabisa tunawapa kuku. Yenye ukungu kidogo tunayaosha, tunayaanika, tunayakoboa, yanakwenda kwenye uji. Aliandika, kisha akatazama kikombe nilichokuwa nimekishika. Kilikuwa cha uji wa mume wangu.

Tulivuna mwezi wa saba mwishoni, na mvua za mchoo, zile ndogo zinazofuata masika, zilikuwa hazijakatika. Mume wangu alikuwa amelima shamba lile akipumzika kila baada ya mistari miwili, na alitaka kuyaona mahindi yake yako ndani kabla hajafa. Hakusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Shemeji na ndugu wengine wakavuna, yakapandishwa darini mabichi. Haikuwa ajabu. Kwetu mahindi yanawekwa na maganda yake juu ya dari la jiko, na moshi wa kila siku unayakausha na kufukuza wadudu. Hata yakiingia na unyevu, moshi wa wiki tatu unatosha.

Yalipata moshi wa wiki mbili na kitu. Kisha akafa.

Katika ukoo wa mume wangu, mwenye nyumba akifa jiko lake linazimwa. Mwanamke mkubwa wa ukoo anamwaga maji kwenye mafiga, na humo hauwashwi moto mpaka arobaini ipite. Wanawake wa matanga wanapika nje uani. Na ugali wa arobaini lazima utokane na mavuno ya mwisho ya marehemu. Wanasema watu wanakula mkono wake kwa mara ya mwisho. Nimekula arobaini za namna hiyo tangu nikiwa msichana, na mila yenyewe naipenda mpaka leo. Ila mwaka ule jiko lilizimwa mahindi yakiwa bado mabichi, na mvua ikaendelea kunyesha juu ya bati.

Mama mkwe ndiye aliyemwaga maji. Siku ya sita nilisikia harufu, ile ya nguo zilizokunjwa hazijakauka. Nikamfuata alipokaa.

"Mama, naomba niwashe moto kidogo jikoni. Si wa kupika, wa moshi tu. Mahindi yanaharibika."

"Mwanangu hana hata siku saba ardhini."

"Najua mama. Ni mahindi yake."

"Unataka waseme mjane ameanza kuona baridi?"

Sikuwasha. Naliandika hili kwa sababu ningeweza kuwasha. Hakuna mtu ambaye angenikata mkono. Niliogopa maneno ya wanawake waliokuwa uani, nikayaacha mahindi yaoze juu ya kichwa changu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mtafiti alirudi kwa mzunguko wake wa pili, akakuta msiba. Alileta sukari, akalia kidogo, kisha akanyamaza akainua pua. Hakuniuliza. Alipanda ngazi mwenyewe na gauni lake, akashuka na mahindi manne. Alipolimenya la kwanza vumbi la kijani lilimwagika kwenye kiganja chake.

"Mama, haya ni ya nini?"

"Ya arobaini."

Alichukua mengine kutoka pembe zote za dari, akaniahidi kuleta jibu mapema. Siku kumi na moja baadaye alirudi nalo. Mimi nilikuwa eda, nikakaa ndani nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu; mama mkwe alikaa kizingitini, na shemeji akasimama uani mikono nyuma.

"Msiyale," mtafiti akasema. "Nimeyapima. Yana sumu nyingi mno."

"Nyingi kiasi gani?" shemeji akauliza.

"Kiasi kwamba nisingempa ng'ombe."

"Wamasai wananunua pumba kwetu kila mwaka. Ng'ombe wao wanatembea."

"Wengine wanakufa, kaka. Hatujui tu wamekufa kwa nini."

"Dada, tuseme wazi. Wewe una mradi. Mradi una wafadhili. Wafadhili wana mbegu. Leo unatuambia mahindi yetu sumu, msimu ujao unatuletea pakiti."

"Mimi sina pakiti, kaka."

"Leo."

Mimi kule nyuma ya mlango sikumwona shemeji kuwa mjinga. Mbegu za dukani tulishazijua. Unazipanda mwaka wa kwanza zinakupa raha, ukirudia punje zake mwaka wa pili zinakupa majani. Mtu aliyeumwa na hilo ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza swali zuri hakukuyaondolea mahindi yale sumu.

Nikasema kupitia mlangoni, "Mwanangu, wakila siku hiyo moja tu, watakufa?"

Alifikiri. "Sijui, mama. Kwa nilichokiona, watoto wanaweza kuugua vibaya. Wakubwa huenda wasisikie chochote."

"Umesikia?" shemeji akamwambia mama yake. "Hajui."

Mimi nilisikia neno watoto. Kwenye arobaini watoto ndio wanaokula kwanza, na ndio wanaorudia.

Shemeji si mtu mbaya. Alitafuta njia ya katikati: kama siyapiki basi yauzwe, na kwa kitakachopatikana tununue mahindi mengine. Akamleta mnunuzi mwenye lori, akasimama nje ya mlango wangu. Wakati wa ushirika alikuwepo mkaguzi aliyetembea na bambo, kile chuma cha kuchoma gunia, na punje mbovu zikitoka gunia linarudi nyumbani. Mnunuzi huyu wa sasa hakuwa na bambo.

"Pole na msiba, mama. Mzigo uko wapi nipakie?"

"Una kuvu."

"Kuvu si tatizo. Nauchanganya na mzigo wa Kilindi, inapotea."

"Ikipotea inakwenda wapi?"

"Mjini."

"Mjini hakuna watu?"

Akacheka kweli, kama mtu aliyefurahishwa. "Mjini kuna mashine, mama. Ikitoka pale ni unga mweupe, hata wewe ungeununua."

"Ndiyo maana sikuuzii," nikamwambia.

Akamgeukia shemeji. "Mjane wenu mgumu huyu."

"Mpe siku," shemeji akasema.

Sikuhitaji siku. Nilikwishajua kwamba nikiendelea kusema tu hapana, ile siku ya kupika watapanda darini wanawake kumi na kuyashusha, na mimi nitakuwa mmoja wa watu waliokaa pembeni. Nilikuwa nimeshakaa pembeni mara moja, kuhusu moto, na matokeo yake yalikuwa yananukia nyumba nzima.

Siku moja kabla ya arobaini, asubuhi, wanawake walipoanza kufika na ungo na vikapu vya kupukuchulia, nilikuwa tayari darini. Nilikuwa nimetenga debe moja la mahindi kwa ajili ya mtafiti, nimelifunga kwa gunia na kulishusha. Mengine yote niliyamwagia mafuta ya taa, dumu zima la lita tano, nikiyageuza kwa mikono ili yafike chini. Harufu ikashuka kabla yangu. Nilipotokea kwenye ngazi, kanga yangu imelowa mafuta, wanawake wote uani walikuwa wamegeuka kuniangalia.

"Nimeyamwagia mafuta ya taa," nikasema. "Ni mimi, na nimefanya makusudi. Asilaumiwe mtu mwingine."

Mama mkwe akakaa chini palepale. "Umemmwagia mwanangu mafuta ya taa."

"Nimeyamwagia mahindi, mama."

"Ndiyo mkono wake wa mwisho!"

"Mkono wake haukuwahi kumpa mtu sumu. Nisingekubali uanze kesho."

Shemeji alikuja mbio kutoka barabarani. Aliangalia dari, akaniangalia mimi. "Kumbe ulimchoka siku nyingi."

"Shemeji, kama ningemchoka ningepika haya, nikakaa kimya, nikaitwa mke mwema. Usiniambie nimemchoka. Kuanzia miguu ilipovimba mpaka mwisho nilimgeuza kitandani mimi."

Mama mmoja alikusanya ungo wake akaondoka, wengine wakamfuata.

Arobaini ilisomwa. Ugali ulikuwa wa unga wa dukani, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule watu walikula arobaini isiyotoka kwenye shamba la marehemu. Wengi waliitikia dua wakaondoka kabla ya sahani. Shemeji aliletewa maji, akanawa mikono, kisha akasema kwa sauti, ili nisikie ndani, "Ugali wa duka kwenye msiba wa kaka yangu mimi sili," akajifuta akatoka. Mama mkwe alikula matonge mawili. Sijui aliyala kwa ajili ya nani. Kesho yake mimi na jirani mmoja tuliyashusha mahindi tukayachoma kwenye shimo nyuma ya nyumba, na moshi wake mweusi ulionekana mpaka shuleni. Mtafiti alituma gari kuchukua debe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kupita na kunyamaziwa. Walisema nimewehuka, walisema nimenunuliwa na mradi. Nilimaliza eda yangu mwisho wa Desemba bila wageni. Sikumwomba mtu radhi, na sijaomba hadi leo, isipokuwa mama mkwe, ambaye nilimwomba radhi kwa kumliza, si kwa mahindi.

Februari mtafiti alituma ujumbe kwa kondakta wa basi kwamba kuna jambo la kunionyesha. Shemeji akasikia. Alikuja mlangoni, mara ya kwanza tangu arobaini.

"Nakwenda na wewe. Hiyo sumu nataka niione kwa macho yangu. Nikikuta chupa tupu, nitakutangaza mpaka Handeni mjini."

"Twende," nikasema.

Mtafiti alitupokea nyumbani kwake Kwamndolwa, karibu na Korogwe, akatupa chai, kisha akatupeleka kituoni. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na visahani vya kioo vyenye vifuniko, na ndani ya kila kisahani kuvu imeota kama zulia. Alisema chakula cha kuvu hizo kimegandishwa kwa tui la nazi, kwa sababu ikila nazi sumu inaonekana vizuri.

"Tui?" shemeji akasema. "Sisi Mazingara mboga za maji na chumvi, kuvu inaungiwa nazi?"

Mtafiti akacheka, akafunga mapazia, akawasha taa yenye mwanga wa zambarau. Akaweka chini yake kisahani kilichoandikwa jina la kijiji chetu. Pembeni mwa ile kuvu kukawaka duara la buluu. Sikuwa nimetegemea kwamba ingekuwa nzuri. Ilikuwa buluu safi, kama mwali wa jiko la gesi.

"Ndiyo sumu yenyewe hiyo inayong'aa," akasema.

Kisha akatuonyesha picha mbili kutoka maabara ya mbali alikokwenda kujifunza. Kuvu ya kule, ya aina moja, visahani viwili. Kimoja kinawaka buluu. Kingine, ambacho jeni ya sumu imenyamazishwa, kuvu imeota vilevile, imeshiba, lakini kisahani ni giza.

"Kwa hiyo imewezekana," nikasema.

"Imewezekana ndani ya kuvu yenyewe, mama. Kuufanya muhindi ndio uinyamazishe, bado. Na kuna hili. Barua ya sumu ya kuvu yenu ina herufi chache tofauti na ya kule. Barua bandia iliyotengenezwa kwa ajili ya kule huenda isiichane ya kwenu vizuri. Bila lile debe nisingelijua."

Shemeji alikuwa bado ameinamia kisahani chetu.

"Kaka alikuwa anakula hii?"

"Sijui," nikasema.

"Ule uji?"

"Ule uji ulitoka kwenye mahindi ya mwaka uliotangulia. Yalikuwa na ukungu. Niliyaosha. Kama yalikuwa hivi au hayakuwa, sijui."

Aliomba taa izimwe.

Tulipotoka nje mtafiti akasema neno ambalo nadhani ndilo hasa aliloniitia. Mwezi wa tatu watakuja wageni wanaoutolea mradi fedha, kutakuwa na mkutano Korogwe, wakulima watasimama kuzungumza. "Mama, nakuomba usimame. Useme mzee alikufa kwa sababu ya kuvu. Wakisikia hivyo kutoka kwako, watatuelewa kuliko mimi nikiwaonyesha visahani mia."

"Nani kasema alikufa kwa kuvu?"

"Dalili zinafanana, mama. Ini, uji, miaka yote ile."

"Zinafanana. Daktari alisema sababu ni nyingi. Wewe mwenyewe ulipima mahindi, hukumpima mume wangu."

"Fedha zikikatika, kazi inasimama."

"Basi isimame."

Niliumia kusema hivyo. Hakuna mtu Mazingara aliyeutaka muhindi ule kuliko mimi. Lakini shemeji alikuwa ameshampa marehemu kifo chake, cha mkono wa mtu, na sasa huyu anataka kumpa kingine. Nilichoka watu kugawana kifo cha mume wangu.

"Nitasimama," nikamwambia. "Lakini nitasema nilichokifanya na nilichokiona. Ukitaka hivyo niite. Hutaki, usiniite."

Aliniita. Shemeji akaja tena bila kuombwa, amevaa koti la marehemu nililompa siku za kugawa nguo. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, na wageni wanne walikaa mbele na madaftari. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema hivi, na nayakumbuka maneno kwa sababu nilikuwa nimeyapanga njia nzima:

"Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa ini. Sijui ini lilipatwa na nini. Nilimpikia uji wa mahindi yenye ukungu, sikujua yana sumu. Mahindi yake ya mwisho yalioza kwa sababu tulizima moto kwa heshima yake, na mimi sikuthubutu kuuwasha. Nilipoambiwa yana sumu niliyaharibu, ukoo ukanichukia, na ningeyaharibu tena. Huyu mtafiti anatafuta muhindi utakaoinyamazisha sumu hiyo. Ameniambia labda utapatikana, labda hautapatikana. Mimi nataka atafute. Mkiacha kumpa fedha, msiseme ni kwa sababu hamkuambiwa ukweli. Nimemaliza."

Nikakaa. Mtafiti akaanza kutafsiri kwa Kiingereza, na maneno yake yakawa mengi kuliko yangu. Sikielewi Kiingereza. Shemeji alifika kidato cha nne, nikamwinamia.

"Anasemaje?"

"Subiri."

Akasikiliza, kichwa chini, mpaka mtafiti alipomaliza.

"Amesema ulivyosema."

"Na uji?"

"Na uji."

"Na lile la sijui?"

"Amelisema mara mbili. Mgeni mmoja pale mbele aliuliza tena."

Mgeni yule akafunika kalamu yake, na mwenyekiti akamwita mkulima aliyefuata.